Helmeti Iliyopimwa kwenye Runinga ya Haruna

Pale Kilwa Masoko, boti ya faiba ikipasuka, anayetafutwa ni Sixbert Andrea. Kazi yake anaifanyia kwenye kibanda cha mabati nyuma ya soko la samaki, mahali ambapo harufu ya gundi huwafanya wapita njia wazibe pua, naye mwenyewe hana habari nayo tena. Ni mtu mrefu, si msemaji sana, bega moja limeinama kwa kupiga msasa miaka mingi, na kichwa chake ni kikubwa. Hilo la kichwa hulisema mwenyewe kabla hujalisema wewe. Mama yake, Cecilia, husimulia kwamba siku anamzaa huko Mchinga, mkunga alitoka nje kwanza kupunga upepo, ndipo akarudi kumalizia.

Baba yake aliteremka kutoka kwa Wamakonde wa uwanda wa juu kuja kukata mkonge, akaoa, akakaa moja kwa moja. Sixbert alimaliza darasa la saba, akabeba magunia ya korosho Lindi, akachoka, akaenda Kilwa kwa sababu alisikia kuna hoteli inayojenga boti za kuwavulisha wageni samaki. Fundi mkuu alikuwa Mdigo kutoka Tanga, mkali kama pilipili. Kwake Sixbert alijifunza kutengeneza kalibu, kulaza kitambaa cha faiba, kupaka gundi kabla haijaganda, na kuhakikisha ubavu wa kushoto wa boti ni sawasawa na wa kulia. Fundi alipoondoka, yeye alibaki na zana, na wateja wakabaki naye. Alioa Salome, ambaye anauza pweza wa kukaanga sokoni, wakapata binti, Bertha, aliye shule ya bweni Lindi hivi sasa.

Haruna aliingia katika maisha yake kwa sababu ya banda la video. Banda lenyewe, mali ya Haruna, liko karibu na stendi, mabenchi ya mbao, feni moja, na runinga pana ya bapa iliyobanwa ukutani. Mchana, jua likichoma, Sixbert alikuwa akienda kukaa humo akisubiri faiba ikauke. Filamu za kupigana hazikumshughulisha, alizilalia. Lakini kulikuwa na tamthilia moja ya kigeni, ya zamani sana, iliyotafsiriwa kwa sauti ya mtu mmoja aliyeigiza wahusika wote, wanawake kwa wanaume. Watu wa Masoko waliiita Meli ya Juu. Ilihusu chombo kinachozunguka angani kikitafuta bandari ya kutia nanga, na kila bandari kinafukuzwa. Nahodha wake alivaa helmeti asiyoivua hata siku moja. Uso wake haukujulikana.

Sixbert alimpenda yule nahodha kwa sababu moja. Chombo kilipotoboka, hakutuma mtu. Alishuka mwenyewe akaziba.

Siku moja Haruna akiwa anahesabu watu mlangoni, Sixbert alimwita.

"Haruna, ile si chuma."

"Kipi?"

"Helmeti ya nahodha. Ile ni faiba. Tazama pale chini ya kidevu, mshono wa kalibu unaonekana. Aliyeitengeneza hakumalizia msasa."

Haruna alitazama, akaguna. "Nahodha wa angani avae faiba? Si ataungua, ndugu yangu?"

"Haungui, anaigiza."

"Basi mbona umekuja kunivunjia tamthilia yangu?"

Walicheka. Lakini tangu siku hiyo Sixbert hakuitazama Meli ya Juu kama watu wengine. Aliitazama kama fundi anavyotazama kazi ya fundi. Masika ilipoingia na boti kuwa chache, alimwomba Haruna amsimamishie picha mahali nahodha alipotazama mbele, kisha alipogeuka ubavu, naye akaweka uzi juu ya kioo akapima: kutoka utosi hadi kidevu, kutoka sikio hadi sikio. Haruna alilalamika kuhusu alama za vidole kwenye runinga yake, akaenda kuleta kitambaa cha kufutia, akabaki kushika ncha ya pili ya uzi.

Alifinyanga kichwa kwa udongo, akakivika kalibu ya jasi, ndani akalaza faiba. Aliikwangua, akaipaka puti, akaikwangua tena. Mashimo ya kupumulia aliyatoboa kwa msumari wa moto. Ule mshono wa kidevuni aliuacha kusudi, kama alivyouona. Mwisho akaipaka rangi nyeusi, akachora mkwaruzo mrefu kwenye paji la uso, ule ambao nahodha aliupata alipogongwa na mlango wa chombo.

Mama Cecilia alikuja kutoka Mchinga kuwatembelea, akaikuta juu ya kabati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kile kichwa cha nani?"

"Cha kwenye tivii, mama."

"Kinavaliwa?"

"Kinavaliwa."

Mama alivua kanga yake ya begani, akakifunika. "Kwetu," alisema alipokwisha kukaa, "kichwa cha kuvaliwa hakikai mahali wanawake wanapitapita. Kipeleke walipo wanaume." Sixbert alijua anasemea nini. Babu zake kwa baba walikuwa wachonga vichwa vya kuchezea ngoma za jando, na yeye mwenyewe aliwahi kuviona akiwa mwali jandoni, vikitoka porini. Hakubishana. Jioni ile ile aliihamishia helmeti kibandani.

Kutoka kibandani ilihamia kwa Haruna. Siku Sixbert alipoingia bandani ameivaa, benchi la mbele lilisimama lote. "Ndiye! Ndiye huyu!" Watu walimshika mabega, wakamgeuza huku na huku, wakamlinganisha na aliyekuwa kwenye runinga. Hapakuwa na aliyeona tofauti. Haruna alipigilia msumari juu ya mlango, akaitundika, na tangu hapo mtu akielekezwa bandani aliambiwa aende kwenye kichwa.

Mgeni mmoja kutoka Dar es Salaam, aliyekuja kutazama magofu ya Kisiwani, alimwomba Sixbert aivae akampiga picha kwa karibu, kutoka chini kwenda juu, anga likiwa nyuma. Picha ile ilitembea kwenye simu za watu hadi ikamfikia dada mmoja aitwaye Happiness, mzaliwa wa Masasi anayeishi Mbezi, ambaye hukusanya helmeti za filamu za angani na huongoza chama cha watu wenye mapenzi hayo. Sixbert hakujua kwamba chama cha namna hiyo kinaweza kuwepo. Happiness alipiga simu mwenyewe.

"Fundi, sisi tunakutana kila mwaka kulinganisha. Ya nani imefanana zaidi na ile iliyoonekana kwenye kioo. Mwaka huu tunashughulikia huyo huyo nahodha wako. Njoo nayo."

Alikwenda. Aliifunga kwenye mfuko wa salfeti, akaipakata kwenye basi kutoka Masoko hadi Mbagala, akiwa amevaa shati la kanisani.

Ukumbi ulikuwa wa kawaida, viti vya plastiki, soda mezani. Helmeti za nahodha zilipangwa kwenye stuli ndefu. Moja ilikuwa ya Benedicto, mfanyakazi wa bima, iliyonunuliwa ng'ambo ikiwa na sanduku lake na cheti cha kuonyesha kwamba wenye tamthilia wameiruhusu. Nyingine ilikuwa ya kijana wa chuo aitwaye Petro, aliyeichapisha kwa mashine, tabaka juu ya tabaka. Zilikuwepo na nyingine za watu wengine. Sixbert aliitoa ya kwake, akaiweka kwenye stuli iliyobaki.

Mtu wa kwanza kucheka alijaribu kuugeuza mcheko uwe kikohozi. Wa pili hakujaribu.

Ilikuwa pana. Kando ya zile nyingine ilionekana kama boga limewekwa kwenye safu ya mayai. Sixbert aliitazama, akazitazama zile, masikio yakamwaka moto. Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba wale wote wamekosea.

Happiness hakucheka. Alifanya kazi yake taratibu. Kila helmeti ilipigwa picha kutoka umbali uleule na pembe ileile, kwa kuwa, alieleza, kamera ikisogea karibu pua huvimba na masikio hurudi nyuma, na hapo huwezi kulinganisha chochote. Kisha picha hiyo iliwekwa ukutani kando ya picha ya tamthilia yenyewe. Ndipo makosa yalipoanza kuonekana, na hayakuwa ya mtu mmoja. Ya Benedicto, pamoja na cheti chake, ilikuwa nyeusi tii, wakati ya kwenye tamthilia ilikuwa kijani iliyokolea. Sehemu moja tu, nahodha anaposimama juani, rangi ile hujitokeza. Ya Petro ilikuwa na rangi sahihi ila mkwaruzo haukuwepo. Na karibu zote zilikuwa na mashavu mawili yanayolingana.

"Tazameni hapa," Happiness alisema, akigusa ukuta. "Shavu la kushoto liko chini kuliko la kulia. Aliyeichonga alifanya kwa mkono, akakosea, na muda wa kurudia haukuwepo. Walioitengeneza baadaye kwa ajili ya kuuza wakamsahihisha. Lakini ukimsahihisha, si ile tena."

Sixbert alisogea mbele. Hata aibu ilimpungua. Mara nyingi alikuwa ameona kuna kitu kwenye lile shavu, akadhani ni macho yake. Sasa alimwona mtu wa huko mbali, hana jina, amesimama kwenye kibanda chake na msasa mkononi, anaitwa huku na huku, kama yeye mwenyewe boti inapotakiwa kesho.

Ilipofika zamu ya helmeti yake, Happiness aliitazama picha ukutani, kisha akamgeukia mwenyewe.

"Kaka Sixbert, uliipimia wapi?"

"Kwenye tivii."

"Tivii ya nani?"

"Ya Haruna, rafiki yangu. Ana banda la video."

"Hebu niambie. Kwenye tivii ya Haruna, sayari zikoje? Za mviringo?"

Sixbert alifikiri. Sayari za Meli ya Juu zilikuwa zimelala kama mayai, zote, na miezi yake. Yeye na wateja wote wa Haruna walikuwa wamekubali zamani kwamba huko mbali ndivyo zilivyo.

"Zimelala," alisema.

"Tamthilia hii ni ya enzi za tivii za mraba," Happiness alimweleza, kwa sauti ya chini ili isiwe somo kwa ukumbi mzima. "Ukiiweka kwenye tivii pana, inabaki na giza kushoto na kulia. Wengine hawalipendi giza hilo, wanaivuta picha ijae. Kila kitu kinanenepa. Wewe hukukosea kupima. Ulikipima kilichonenepeshwa."

Ilishika mkia. Ilisifiwa kwa mkwaruzo na kwa mshono, basi. Sixbert aliirudisha kwenye salfeti, akaaga kila mtu kwa mkono, pamoja na aliyecheka.

Njiani hakulala. Aliposhuka Masoko hakupita nyumbani, alikwenda moja kwa moja bandani. Meli ya Juu ilikuwa ikionyeshwa, watu watano sita kwenye mabenchi.

"Haruna, nipe rimoti."

"Karibu, fundi! Umeshinda?"

"Nipe rimoti, au bonyeza mwenyewe. Irudishe picha kama ilivyokuja."

Haruna alielewa haraka kuliko alivyotaka kuonyesha. Alibonyeza. Picha ilijikusanya katikati, giza likajaa kushoto na kulia, na pale akasimama mtu mwembamba, shingo ndefu, helmeti nyembamba kama kibuyu cha kugemea tembo. Nyuma yake sayari ilikuwa ya mviringo.

"Huyu nani?" mteja mmoja aliuliza.

"Rudisha nahodha," mwingine akasema. "Huyu mgonjwa."

Haruna alirudisha. Sixbert alimgeukia Haruna.

"Miaka yote hiyo ulijua?"

"Nilijua nini? Wateja walisema giza la pembeni linawapunja, nikavuta. Wallahi, sikujua utaenda kuipima kwa uzi."

"Ulishika uzi wewe!"

"Nilishika uzi, sikushika akili yako. Nilivuta picha, Sixbert. Wewe sikukuvuta."

Maneno yale yalitoka mbele za watu, na hilo ndilo lililouma. Sixbert aliondoka. Helmeti aliyorudi nayo kutoka Dar es Salaam aliitupa kibandani chini ya meza ya zana, na Haruna hakuja kuiulizia. Ikapita muda mrefu wakikutana sokoni na kusalimiana kwa kichwa tu, kila mmoja akimsubiri mwenzake. Mchana, faiba ikikauka, Sixbert alikaa kibandani pake akitazama barabara.

Aliyeikata ile hali alikuwa Haruna. Alikuja kibandani na mkate wa kumimina aliopewa na mkewe, Mwahija, akakaa juu ya ndoo bila kukaribishwa.

"Watu wananisumbua," alisema. "Wanauliza kichwa kiko wapi."

"Kimekosewa."

"Kwa Dar es Salaam. Hapa kwetu wamekizoea hicho." Alikata mkate, akampa kipande. "Na mimi nimekosa, ndugu yangu. Lile neno la mbele za watu sikupaswa kulisema."

Sixbert alikula kwanza. Kisha akainama chini ya meza, akaitoa helmeti, akaifuta vumbi kwa kiganja, akampa. Hawakulizungumza tena.

Lakini shavu la kushoto lilikuwa limemkaa moyoni. Happiness alimtumia picha kwenye simu ya Salome, safi, bila kuvutwa, na vipimo vilivyochukuliwa na watu wanaojua. Sixbert alianza upya. Umbo halikumsumbua, wala rangi. Kijani ile aliipata kwa kuchanganya mabaki ya rangi za boti. Kilichomsumbua ni kukosea kusudi. Kila aliposhusha lile shavu, mkono wenyewe ulilipandisha. Mdigo wa Tanga alikuwa amemfundisha kulinganisha mbavu mbili kwa makofi, na makofi hayo hayakuwa yamemtoka. Alivunja udongo mara nyingi. Mwishowe alifumba jicho moja, akachonga upande wa kushoto bila kuutazama wa kulia kabisa, na alipofumbua, ilikuwa yenyewe.

Siku helmeti ilipokauka aliileta nyumbani, akasimama katikati ya ua, akaivaa. Ikakwama juu ya nyusi.

Alisukuma. Alipinda masikio. Alijipaka mafuta ya nazi kwenye paji la uso. Salome, aliyekuwa akikaanga pweza, alianza kucheka taratibu, kisha akaacha uma, kisha akakaa chini kabisa.

"Baba Bertha, huyo nahodha wako alikuwa na kichwa cha mtoto!"

"Mwembamba. Alikuwa mwembamba."

"Hebu lete."

Aliivuta kutoka kichwani kwa mumewe, akafungua kilemba, akaivaa. Iliingia kama imepimwa kwake. Alisimama pale uani na kanga na helmeti, akageuza kichwa kushoto, kulia, pole pole, na Sixbert akasahau mafuta usoni, kwa kuwa ndivyo hasa nahodha alivyokuwa akigeuka.

"Nawaona kuku tu," Salome alisema kutoka ndani.

Mwaka uliofuata chama kilimrudia nahodha yuleyule, ila sasa taratibu zilitaka helmeti ivaliwe na itembezwe mbele ya watu. Kwa hiyo alikwenda Salome, Sixbert akiwa nyuma na begi. Alivaa koti refu la mvua lililopakwa rangi na mumewe, viatu vya mpira vya wavuvi, akatembea kutoka mlango hadi ukutani bila haraka, kama anavyopita sokoni akiwa na sinia kichwani. Picha ziliwekwa ukutani, yake na ya tamthilia, na mara mbili Happiness alilazimika kuuliza ipi ni ipi.

Mmoja wa waamuzi, mzee mwenye miwani, alitaka kumjaribu. "Na kwa nini nahodha haivui helmeti yake? Mashabiki tuna majibu mengi. Lako ni lipi?"

Salome aliivua, akajifuta jasho.

"Mimi simjui, baba. Sijamtazama hata siku moja. Mchana nauza pweza." Akaitazama helmeti mkononi. "Lakini kama ningekuwa mimi ninayefukuzwa kila bandari, anavyosimulia mume wangu, nisingewaonyesha uso wangu pia."

Mzee aliandika kitu, akakifuta, akaandika tena. Petro ndiye aliyepewa ushindi, kwa kuwa alirekebisha kila kitu na macho ya helmeti yake yalikuwa na mwanga ule hasa. Ya Sixbert ilishika nafasi ya pili. Benedicto alipinga matokeo yote mawili kwa muda mrefu, akionyesha cheti, mpaka soda zikaisha.

Wanachama walimzunguka Salome kuliko walivyomzunguka Sixbert, naye hakuona ubaya. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akaigeuza ya Petro mikononi, akapitisha kidole kwenye tabaka zake nyembamba, akampa mkono yule kijana. Jioni walikwenda Mbagala kwa Martina, dada yake Salome, wakala, Salome akasimulia, na kila alipofika pale kwa mzee mwenye miwani, jibu lake lilikuwa refu kidogo kuliko mara iliyotangulia.

Tangu hapo simu huingia. Ya karibuni ilitoka kwa mtu wa Arusha, anataka helmeti ya askari mwenye pembe mbili, kutoka tamthilia ambayo Sixbert wala Salome hawajapata kuisikia. Salome ndiye aliyepokea. Alimtaka atume picha za mbele, ubavuni na nyuma, na vipimo vya kichwa chake mwenyewe, kisha akafunika simu kwa kiganja na kumwita mumewe.

"Anauliza utaanza lini."

Sixbert alikuwa amepiga magoti chini ya boti ya wavuvi wa kijiji cha Sudi, faiba imeloa, brashi mkononi, na gundi tayari imeanza kushika.

"Mwambie nikimaliza hii," alisema, akaendelea kupaka.